Mashini ya Nyumba

Watu wengi hudhani kwamba filozofia ni kazi ya wale waliopita seminari, na kwamba sisi wengine, wenye watoto wa kulisha na kodi ya kulipa, hatuna haja nayo. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini mwezi wa 11 mwaka 2025 dada yangu aliniita nyumbani kwake Katuba, hapa Lubumbashi, niamue ugomvi wa watoto wake wawili. Njiani nilifikiri ni ugomvi wa feza. Kumbe, lilikuwa swali ambalo wenye akili wa Ugiriki waliligombania zamani sana, wala hawakulimaliza.

Ugomvi ulikuwa juu ya kompyuta, au ordinatere kama tunavyosema kwetu. Si ile inayonunuliwa dukani ikiwa tayari ndani ya katoni. Ni ile ambayo kijana huijenga mwenyewe, kipande kwa kipande, hasa kwa ajili ya michezo: mpira, mbio za magari, vita na mengine. Wazee wengi wanaosoma ukurasa huu hawajapata kufungua mashini ya namna hiyo, basi nawaeleza kidogo.

Ndani ya kasha la chuma mna ubao mpana wenye njia nyembamba za shaba. Mafundi huuita ubao mama. Juu yake hukaa prosesa, kifaa kisichozidi ukubwa wa biskuti, nacho ndicho kinachofanya mahesabu yote. Kando yake husimama vijiti vya kumbukumbu. Mna diski ya kutunzia maandiko na picha. Mna kisanduku cha umeme cha kuvilisha vyote. Na mna kadi ya picha, ambayo kazi yake ni kuchora kila kitu kinachoonekana kwenye kioo. Kwa wachezaji, kadi hiyo mara nyingi ndiyo ghali kuliko vyote. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilitoa kipimo kiitwacho ATX, na watengenezaji wengi wanakifuata hata leo: matundu ya skrubu katika ubao wa mtengenezaji mmoja huelekeana na kasha la mwingine. Ndiyo sababu kijana wa Katuba aweza kununua kipande hiki kwa mfanyabiashara anayetoka Dubai, na kile kwa rafiki aliyepita Kasumbalesa, akavikaza kwa bisibisi moja, navyo vikapatana.

Sasa habari yenyewe.

Dada yangu ni mjane. Mwaka 2017 zamu yake ya likelemba ilifika, akapokea dola 700. Mwanawe mkubwa alikuwa akianza masomo, akamwomba mama feza zile zijenge kompyuta. Mimi nilikuwapo, kwa maana mjomba huitwa siku kama hizo. Kijana alinunua prosesa ya AMD, Ryzen 5 1600, iliyotolewa mwaka ule ule. Kadi ya picha GTX 1050 Ti. Kumbukumbu ya gigabaiti 8. Ubao, diski, kasha na kisanduku cha umeme. Akakaa sakafuni siku nzima, akakaza. Jioni kioo kiliwaka, na watoto wa jirani wakapiga kelele dirishani. Dada yangu akasema mbele yangu: «Mashini hii ni ya nyumba. Wewe utaichunga.» Kijana akaitika: «Ndiyo, mama.» Maneno hayo niliyasikia kwa masikio yangu, nayo ndiyo yaliyonifanya shahidi miaka minane baadaye.

Kijana hakuwa mvivu. Mchana alisoma, usiku alicheza FIFA, na siku za Jumamosi alitengeneza filamu za arusi kwa malipo. Mwaka 2019 aliona kumbukumbu haitoshi. Akaitoa, akaweka ya gigabaiti 16, na pia diski mpya isiyozunguka, iliyo nyepesi sana kusoma. Picha zote akazihamishia humo, pamoja na zile za marehemu baba yao. Kisha akatamani kadi nyingine. Lakini mwaka 2020 na 2021 kadi za picha zilikuwa adimu duniani pote: ugonjwa wa korona ulikuwa umevuruga biashara, na tena watu walizikusanya kwa wingi ili kuchimba ile feza ya kompyuta iitwayo Ethereum. Mwezi wa 9 mwaka 2022 Ethereum iliacha njia ile ya kuchimba, na kadi zilizotumika zikamiminika sokoni. Mpwa wangu alipata RTX 3060. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua. Kadi ya kwanza ilikula umeme usiozidi wati 75. Hii mpya ilitaka 170. Basi kisanduku cha umeme hakikufaa tena, akanunua kingine. Kadi ikawa na nguvu, nayo prosesa ya zamani ikawa mzee anayewachelewesha vijana njiani. Mwaka 2023 akanunua prosesa nyingine, Ryzen 7 5800X3D, na pamoja nayo ubao mama mpya. Prosesa hiyo ilitoa joto jingi, na kasha la zamani halikupitisha hewa vizuri. Mwaka 2024 likaja kasha jipya lenye kioo ubavuni na feni tatu.

Tazameni jinsi jambo hilo linavyokwenda. Mtu mwenye shati bovu hununua shati, na shauri limekwisha. Lakini katika mashini hii kila kipande kipya humshtaki jirani yake. Jana diski ya zamani ilikuwa nzuri. Leo, karibu na prosesa mpya, imekuwa pingamizi. Haikuharibika, wala haikupunguza mwendo hata kidogo. Ni mwenziwe aliyebadilika. Nimeona jambo hilo hilo katika nyumba za watu: wanapoleta kiti kimoja kizuri, mwezi ujao meza yote inawaonea haya wageni. Tena watengenezaji hawalali. Gordon Moore, aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Intel, aliandika mwaka 1965 kwamba hesabu ya vipande vinavyopangwa juu ya kibamba kimoja huongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 akasema ni kila miaka miwili. Mwenye kukimbiza kitu cha namna hiyo akae akijua anakimbia na nani.

Vipande vilivyotolewa havikutupwa. Mdogo wake aliviomba kimoja kimoja. Kumbukumbu za zamani alizitia sandukuni chini ya kitanda. Kisha diski, kisha kadi na kisanduku cha umeme, kisha prosesa na ubao mama. Mwaka 2024, kasha la zamani lilipowekwa nje barazani, aliliokota, akalifuta vumbi, akavipanga vyote mahali pao. Mashini ikawaka. Ilikuwa ile ile ya mwaka 2017, hata alama ya kisu ubavuni mwa kasha ilikuwapo, pale alipoikwaruza yeye mwenyewe akiwa mtoto. Tangu siku hiyo hakuacha kumwambia mkubwa wake: «Yaya, hiyo yako ni ya duka. Ya mama ni hii yangu.» Watu walicheka, hata dada yangu.

Basi, mwaka jana mkubwa alipata kazi Kolwezi, akataka kwenda na mashini yake. Dada yangu akakataa: «Ile ni ya nyumba, na huyu mdogo anaanza masomo sasa.» Mkubwa akanijibu mimi badala ya mama yake, kwa heshima: «Mjomba, fungua utazame. Hamna ndani hata skrubu moja iliyonunuliwa na mama. Vitu vya mama viko vyote pale, havikupotea. Na huyu mwenyewe amesema mara mia kwamba mashini ya mama ni ile yake. Mashini ya nyumba inabaki nyumbani. Ninakwenda na yangu.»

Mdogo alinyamaza. Mchezo wake ulikuwa umemnasa. Maana tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, na ile Windows 11 inayofuata inataka prosesa zilizomo katika orodha yake; Ryzen 5 1600 haimo. Alikuwa ameshinda mabishano, na tuzo yake ilikuwa mashini ambayo mtengenezaji wa programu hataki tena kuijua.

Nikaomba siku tatu za kufikiri.

Siku ya kwanza nilifikiri juu ya jembe la mama yetu mzazi. Mpini ulivunjika, tukaweka mwingine. Baadaye bamba likalika, tukanunua jingine. Hata leo twaliita jembe la mama, wala hakuna anayecheka. Kwa njia hiyo mashini ya mkubwa ndiyo ya nyumba. Haikupita siku moja ambayo iliacha kuwa kompyuta ya nyumba ile. Ilikaa juu ya meza ile ile, picha zile zile ndani yake, watoto wale wale mbele yake.

Padri mmoja mzee niliyemwendea akacheka, akaniambia kwamba swali langu lina jina. Plutarko aliandika kwamba watu wa Atene walitunza merikebu ya shujaa wao Teseo, na kila ubao ulipooza waliweka mpya, hata wenye filozofia wakagawanyika: hawa walisema ni merikebu ile ile, wale walisema siyo. Na mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza neno la kusumbua zaidi: kama mtu angaliziokota zile mbao za zamani zote, akaziunga tena kwa utaratibu wa kwanza, je, tungalikuwa na merikebu mbili, na zote mbili ni ile moja? Nikamwambia padri: «Huyo Hobbes amemwandika mpwa wangu.»

Hata Microsoft imelazimika kujibu. Programu yake ikiona ubao mama umebadilishwa, mara nyingi yadai uthibitisho upya, kana kwamba ni kompyuta nyingine. Ukibadilisha kumbukumbu tu, haisemi kitu. Kwao mashini ni ubao mama. Jibu hilo linafaa kwa kuuza ruhusa za programu. Lakini mimi nisingependa kumwambia mjane kwamba kitu chake kilihama siku fulani ya mwaka 2023, kwa sababu kiwanda kimeamua hivyo.

Padri yule alinipa na neno la Mtakatifu Tomasi wa Akwino, aliyeishi karne ya 13. Wengine walimpinga juu ya ufufuko, wakisema mwili wa mtu hupata na kupoteza vitu maisha yote. Ni mwili upi basi utakaofufuka? Naye akatoa mfano wa moto. Kuni zinateketea, zingine zinaongezwa, na moto ni ule ule mmoja muda wote unaowaka. Mtu naye ni mmoja, kwa kuwa roho yake ni moja, ingawa vitu vya mwili wake vyapita.

Niliupenda mfano huo, nikaenda nao nyumbani kwa furaha. Usiku ukaanza kunisumbua. Kompyuta haina roho. Ni kitu gani basi kinachoifanya kuwa moja, miaka yote minane? Si shaba yake, maana imebadilishwa. Si kasha. Niliona ya kuwa umoja wake ulitoka kwetu sisi tuliokuwa tukiitumia na kuiita kwa jina moja. Na jina tulilolipa tangu siku ya kwanza ni «mashini ya nyumba». Wote wawili, mkubwa na mdogo, walikuwa wakitafuta haki ndani ya chuma, kwa bisibisi. Lakini ahadi haikukazwa kwa skrubu. Ilisemwa na mama na ikaitikwa na mwana, nami nilikuwa nimeketi mlangoni.

Labda utanipinga: «Kijana huyo alifanya kazi. Alikesha usiku akitengeneza filamu za arusi. Je, jasho lake si kitu?» Ni kitu, tena kikubwa, nami sikutaka kumdhulumu. Mtu akipanda katika shamba la mwingine, mavuno yana jasho lake ndani. Lakini shamba nalo lina mwenyewe. Filamu ya kwanza aliitengeneza kwa mashini gani? Na ule moto wa Mtakatifu Tomasi, kuni zake zilitoka wapi miaka yote hiyo? Nani alilipa umeme, wati 75 kwanza, kisha 170 za kadi peke yake, usiku kucha, mezani pa mjane?

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililonigusa zaidi. Kama mwaka 2017 kijana angalisema, «Mama, mashini hii naichukua iwe yangu,» wote tungaliamka na kusema hapana. Hakusema hivyo kamwe. Sidhani hata aliwaza hivyo. Alibadilisha kijiti kimoja, na nani angegombana kwa ajili ya kijiti? Akabadilisha kadi. Kila mara mama yake alimsifu, maana mashini ya nyumba ilikuwa inapata nguvu. Hakuna siku ambayo mtu aweza kuionyesha na kusema, siku hii ndiyo aliyoichukua. Na hata hivyo, mwisho wa miaka minane, ilikuwa imechukuliwa. Nimeona mashamba yakienda hivyo, mpaka ukisogezwa mstari mmoja kila msimu wa kulima. Nimejiona mimi mwenyewe pia, katika kazi yangu ya kutunza kasha la feza za chama, jinsi mazoea madogo yanavyoweza kumpa mtu moyo wa mwenye mali. Namshukuru mke wangu aliyeniuliza mapema.

Siku ya nne nilirudi Katuba. Sikutoa hukumu. Nilimpa mkubwa karatasi, nikamwambia: «Andika kila kipande, mwaka wake, na feza zilitoka wapi.» Akaanza kwa haraka, kama mtu mwenye uhakika. Kumbukumbu, 2019: arusi mbili. Diski: arusi moja. Kadi, 2022: arusi nne, na akiba. Kisanduku cha umeme… Hapo kalamu ilisimama. Dada yangu hakusema neno. Kijana akaandika polepole: mama, nusu. Alikuwa amesahau. Alimwomba mama yake feza hizo akisema ni za masomo, na mama aliuza magunia mawili ya makala. Prosesa, 2023: arusi. Ubao mama: arusi, na feza za mdogo alizopewa na babu siku ya kipaimara, alizoahidi kuzirudisha.

Akaiweka kalamu chini, akaitazama karatasi muda mrefu. Kisha akamwambia mama yake, safari hii si mimi: «Mama, naomba niende nayo Kolwezi kwa kazi. Nitairudishia nyumba.» Dada yangu akauliza: «Utairudishia nini?» Kwa maana yeye hataki mashini ya kioo na feni tatu, ataka mtoto asome.

Hapo ndipo vijana walipoanza kuongea lugha yao, nami nikafuata kwa shida. Ule ubao mama wa 2017 una kikao kiitwacho AM4, na kikao hicho AMD ilikitumia miaka mingi. Ukiandika upya ile programu ya msingi iliyo ndani ya ubao, prosesa zilizotoka miaka mitano baadaye zaweza kukaa pale pale. Iko moja, Ryzen 5 5600, ya mwaka 2022, isiyo ghali kama ile ya mkubwa, nayo imo katika orodha ya Windows 11. Mkubwa akaahidi kuinunua kwa mshahara wa kwanza, na kumbukumbu juu yake, ingawa mwisho wa mwaka ule bei za kumbukumbu zilikuwa zimeanza kupanda vibaya. Nikamwambia aiandike chini ya karatasi ile ile, atie sahihi. Akatia. Nami nikatia.

Mdogo akasita. «Lakini yaya, ukitoa prosesa ya mama, basi na yangu haitakuwa tena…» Hakumaliza. Tulicheka wote, na mkubwa akampiga begani.

Mwezi wa pili feza zilifika kutoka Kolwezi, na kipande kikanunuliwa. Nilikuwapo mdogo alipokifungua. Alipangusa ile dawa kavu ya kijivu juu ya prosesa ya zamani, akaiinua kwa vidole viwili, akatafuta mahali pa kuiweka. Dada yangu akanyosha mkono. Akaitazama kidogo, huku na huku, akaifunga ndani ya kipande cha kitenge, akaiweka katika mkebe wake wa sindano na nyuzi, akauliza kama chai imekwisha kuchemka.